Gurudumu la Tatu Halipunguzi Kazi, Linaihamisha

Kwa karibu miaka 20 sasa watengenezaji wakubwa wa pikipiki wamekuwa wakiongeza gurudumu. Piaggio walianza mwaka 2006 na MP3, skuta yenye magurudumu mawili mbele. Mwaka uliofuata kampuni ya BRP ya Kanada ikatoa Can-Am Spyder, baada yake Harley-Davidson nao wakaja na Tri Glide, kisha Yamaha wakaleta Tricity mwaka 2014 na Niken mwaka 2018. Sasa zimeongezeka za betri, za mizigo na za abiria. Kila inapotoka mpya, maneno yanayoisindikiza hayabadiliki: hii ni pikipiki kwa asiyejua pikipiki, haianguki, haihitaji mizani, mzee apande na mgeni apande. Nadhani hapo ndipo tunapokosea, na kosa lenyewe linaweza kuvunja mtu mbavu. Gurudumu la tatu halimpunguzii dereva kazi, linaihamisha tu. Kazi iliyokuwa ya kiuno na masikio ya ndani, yanayohisi mizani, inakuwa ya mikono, macho na uamuzi wa mwendo kabla ya kufika kwenye kona. Anayeambiwa kwamba kazi imekwisha huingia barabarani akiwa hana habari ya kazi mpya iliyochukua nafasi yake.

Magurudumu matatu si jambo jipya. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilikuwa na matatu. Harley-Davidson walitengeneza Servi-Car kuanzia 1932 hadi 1973, ikitumiwa na gereji kufuata magari ya wateja, na polisi kuzungukia maegesho. Ape ya Piaggio, ambayo ni skuta iliyofungwa karai la mizigo nyuma, ilitoka mwaka 1948, na anayepanda bajaji leo yuko ndani ya ukoo uleule. Lakini vyombo hivyo vilikuwa vya kazi na vilikwenda taratibu. Dereva wa karai lililojaa saruji hana hamu ya kuchezea kona. Kilichobadilika ni kwamba gurudumu la tatu limetolewa kwenye mzigo likawekwa kwenye starehe na kwenye barabara kuu, mikononi mwa watu wawili tofauti: aliyezoea pikipiki ya kawaida na sasa goti linamuuma, na aliyezoea gari ambaye hajawahi kushika usukani wa pikipiki. Wote wawili wana mazoea yatakayowaponza, kila mmoja ya kwake.

Nianze na huyo wa goti. Pikipiki ya magurudumu mawili haikati kona kwa kugeuza usukani, inakata kwa kulala. Ikishapita mwendo wa mtu anayekimbia, dereva anayetaka kwenda kulia husukuma kidogo mkono wa kulia wa usukani. Gurudumu la mbele linaelekea kushoto kwa kitambo kidogo sana, chombo kinaanza kuangukia kulia, na kule kuanguka ndiko kunakozaa kona. Waendeshaji wengi hufanya hivyo miaka nenda rudi bila kujua, kama mtu asivyojua anapindaje kifundo cha mguu anaposhuka ngazi. Mchukue dereva huyo umpandishe kwenye chombo cha magurudumu matatu kisicholala, awe kwenye kilomita 50 kwa saa, umpe kona ya kulia. Mkono wake wa kulia utasukuma. Chombo kisicholala hakina cha kuangukia, kinafuata tu gurudumu linakoelekea, na gurudumu limeelekea kushoto. Yaani mtu ametoa amri ya kulia kwa ufasaha wote wa miaka yake 20, na chombo kimetii kwa kwenda upande wa magari yanayokuja au wa mtaro. Mara yangu ya kwanza ilikuwa kwenye uwanja mtupu, na hata pale nilijikuta nimevuka mstari uliochorwa chini kabla akili haijauarifu mkono kwamba tumepanda kitu kingine. Nilicheka. Barabarani nisingecheka.

Baada ya usukani kuna mwili. Kwenye pikipiki inayolala, nguvu ya kona inakugandamiza kwenye kiti. Unahisi umekuwa mzito kidogo, basi, hata glasi ya maji ingekaa. Kwenye isiyolala unahisi kama umeketi kwenye benchi la basi lililokata kona ghafla: kila kitu kinakutupa nje. Huna mlango wa kuegemea wala mkanda wa kukushika, una mikono ya usukani tu. Hapo mgeni hufanya kosa la pili, anajishikilia kwenye usukani kama bomba la kwenye daladala, na kila anapojivuta ndani anaugeuza bila kutaka. Chombo kinaanza kuyumba na yeye anadhani barabara ni mbovu. Mwenye uzoefu hubana tangi kwa mapaja, huinamisha kiwiliwili kuelekea ndani ya kona kabla haijaanza, na mikono yake huiacha ifanye kazi moja tu. Hilo haliji lenyewe. Baada ya saa mbili za barabara yenye kona nyingi mabega yanauma namna ambayo pikipiki ya kawaida haikufundishi, na nasema hivi kwa wanaodhani wamenunua kiti cha mapumziko.

Sasa tuje kwenye neno “haianguki”. Ukisimama kwenye taa, ni kweli. Chombo kikiwa kwenye mwendo, hesabu ndogo inatosha kulitia shaka. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 15, ya kawaida kabisa kwenye makutano, uipite kwa kilomita 30 kwa saa. Nguvu inayokusukuma nje ni kama asilimia 47 ya uzito wa chombo pamoja na wewe. Pikipiki ya kawaida ingelala nyuzi 25 hivi na kupita. Chombo kisicholala kinategemea upana wake, na hapa pembetatu inatuonyesha ubaya wake. Tuseme magurudumu mawili ya pamoja yameachana kwa mita 1.2, na kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka chini, katikati kabisa ya urefu wa chombo. Kingekuwa na magurudumu manne, kingehitaji nguvu ya pembeni sawa na uzito wake wote ili kipinduke. Kwa matatu kinahitaji nusu yake, asilimia 50, kwa sababu pale katikati pembetatu imeshapungua upana hadi nusu. Asilimia 47 dhidi ya 50: umepita, lakini umepita kwa unywele. Ongeza mwendo hadi kilomita 40 kwa saa, kitu ambacho mtu anakifanya bila kutazama kipima mwendo, na nguvu inafika asilimia 84. Hapo ama tairi zitateleza kwanza ama gurudumu la ndani litainuka, na lipi litatangulia ni suala la lami, mzigo na bahati.

Ndiyo maana wajenzi wazuri husogeza uzito karibu na lile jozi la magurudumu na kuushusha chini. Kwenye mfano huohuo, kitovu kikisogea hadi theluthi mbili ya urefu kuelekea kwenye jozi, kiwango cha kupinduka kinapanda kutoka asilimia 50 hadi 67. Ndiyo maana pia jozi likiwa mbele au nyuma, tabia ni mbili tofauti. Mtu akishtuka katikati ya kona hukamata breki, na breki hupeleka uzito mbele. Kama mbele kuna magurudumu mawili, uzito unakwenda kwenye upana na chombo kinatulia. Kama mbele kuna moja, uzito unakwenda kwenye ncha ya pembetatu, sehemu nyembamba kuliko zote, na chombo kinapindukia kwenye bega la mbele. Breki ileile, woga uleule, matokeo mawili. Abiria na mizigo nao hugeuza mambo: mzigo wa nyuma kwenye chombo chenye jozi mbele unaondoa uzito pale ulipohitajika, na mzigo mrefu juu ya karai la nyuma unapandisha kitovu hata kama umekaa juu ya jozi. Muuzaji anayesema “ina magurudumu matatu” bila kusema yamepangwaje hajakuambia lolote la maana.

Historia ilishatoa somo hili mara moja, kwa gharama. Mwaka 1970 Honda walianza kuuza Marekani chombo cha porini chenye magurudumu matatu na matairi mapana kama maputo. Kilionekana rahisi mno hata watoto wakapewa. Lakini ekseli ya nyuma ilikuwa moja nzima, magurudumu yote mawili yakizunguka kwa pamoja, kwa hiyo kukikatisha kona kulihitaji kuhamisha mwili kwa ujanja ili gurudumu la ndani lipate kuteleza. Asiyejua alisukumwa mbele moja kwa moja, au alipinduliwa. Majeruhi na vifo viliongezeka miaka ya 1980 hadi mamlaka ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ikaingia, na mwaka 1988 makubaliano yaliyopitishwa mahakamani yakasimamisha uuzaji wa mapya ya magurudumu matatu. Watengenezaji wakahamia kwenye manne. Wapo wanaokitetea chombo kile hadi leo, wakisema lawama ni ya wazazi waliowapa watoto mashine za watu wazima na ya wauzaji wasiofundisha. Wana hoja. Ila hoja yao inanisaidia mimi kuliko inavyowasaidia wao: chombo kilichohitaji ustadi kiliuzwa kwa sura ya chombo kisichohitaji.

Haitakuwa haki kuzitia zote kapu moja. MP3, Tricity na Niken zina magurudumu mawili mbele yaliyounganishwa kwa mikono ya chuma, mmoja ukipanda mwingine unashuka, hivyo chombo kizima kinalala kwenye kona kama pikipiki ya kawaida. Niken inaweza kulala hadi nyuzi 45. Kwa hizi, pembetatu ya hesabu yangu haina kazi. Unazisukuma usukani vilevile, unazilaza vilevile, na malipo yake ni mshiko maradufu mbele. Kila mwendesha pikipiki anaijua ile hofu ya gurudumu la mbele kukanyaga mchanga, jani bichi au mfuniko wa chuma wenye maji katikati ya kona. Gurudumu la mbele likiondoka, huna muda hata wa kusema jina la mama. Yakiwa mawili, moja likiteleza lingine bado limeshika. Hii ni faida ya kweli na siipunguzi hata chembe. Lakini angalia kinachofuata. MP3 ina kitufe cha kufunga mfumo wa kulala unaposimama, usishushe mguu. Niken haina, ukisimama bila mguu au stendi inalala chini kama nyingine yoyote, na ina uzito wa zaidi ya kilo 260. Watu wawili wanaweza kusema wote “naendesha magurudumu matatu” na mmoja akampa mwenzake ushauri utakaomwangusha kwenye taa za kwanza.

Kuna jambo la barabara yenyewe ambalo huwa halisemwi kwenye maduka. Pikipiki ya kawaida ina njia moja: gurudumu la mbele likikwepa shimo, la nyuma limekwepa. Chombo cha magurudumu matatu chenye upana kina njia tatu. Jiwe ambalo dereva wa gari angelipitisha katikati, wewe unalikanyaga na gurudumu la katikati. Shimo ambalo dereva wa pikipiki angelikwepa kwa kiuno, wewe unalikwepa na la mbele na kulipa na la nyuma, na pigo la gurudumu moja la pembeni linakutikisa kichwa kwenda upande, si juu na chini. Zaidi, lile gurudumu la peke yake linatembea katikati ya njia, pale ambapo magari hudondoshea oili na ambapo waendesha pikipiki wenye akili hawapiti mvua inapoanza. Barabara iliyoinama kwa ajili ya kutiririsha maji inakuvuta kidogo kuelekea ukingoni safari nzima, na mikono inafanya kazi ya kuirudisha. Na mguu! Kwenye pikipiki, kushusha mguu wakati wa kusimama ni ibada. Kwenye chombo chenye jozi nyuma, mguu ulioshushwa kabla chombo hakijasimama unakutwa na gurudumu lako mwenyewe.

Sasa hoja za wanaoyatetea, ambazo kadhaa zina uzito. Anayeishi na mguu mmoja dhaifu, mwenye tatizo la mizani, mwanamama mfupi anayechoka kunyanyua kilo 300 kila akisimama, mzee aliyekuwa amekata tamaa ya kupanda tena: kwa hawa gurudumu la tatu limefungua mlango uliokuwa umefungwa, na sitaki kuwa mtu wa kuufunga. Kwenye foleni ya simama-nenda, kutoshusha mguu kila mita 10 ni nafuu kubwa. Kwenye breki ya ghafla barabara ikiwa imenyooka, tairi tatu pana zinashika kuliko mbili, na dereva hana hofu kwamba gurudumu likijifunga anaanguka. Spyder hata imewekwa kanyagio moja la breki la magurudumu yote matatu, na kompyuta inayokata nguvu ya injini na kubana gurudumu mojamoja inapohisi chombo kinataka kuinuka. Anayesema vifaa hivi ni mapambo hajui anachosema. Ninachosema mimi ni kwamba kompyuta ile iliwekwa kwa sababu wajenzi wenyewe walifanya hesabu ya pembetatu. Wao hawaamini kwamba haianguki.

Upande wa pili wapo wanaoyapinga, na hoja yao maarufu ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba si pikipiki ya kweli, ni ya waoga. Hii ni kauli ya kijiweni. Kichwa chako kiko wazi kwa upepo uleule, mwili wako hauna kabati la chuma, anayekuchomekea hakuoni vilevile. Na kama ni suala la ushupavu, kuipitisha isiyolala kwenye kona za mlimani kwa mwendo mzuri kunahitaji nguvu za mikono ambazo wengi wa wanaokejeli hawanazo. Nimeitaja kwa sababu ina madhara: inamfanya aliyehamia matatu aone haya kusema kwamba ni vigumu, na inamfanya mgeni aamini kwamba, kwa kuwa ni ya waoga, basi lazima ni rahisi. Kejeli na tangazo la biashara vinasema jambo lilelile.

Hoja inayostahili kujibiwa kwa utulivu ni ile ya leseni: kwamba chombo kinachosimama chenyewe na kugeuzwa kwa usukani moja kwa moja kiko karibu na gari kuliko pikipiki, kwa hiyo leseni ya gari inatosha. Jimbo la California linawaruhusu wenye leseni ya kawaida ya gari kuendesha pikipiki za magurudumu matatu. Kwa ile isiyolala, mantiki ipo: dereva wa gari hana yale mazoea ya kusukuma usukani kinyume, na katika hilo anamzidi mkongwe wa pikipiki. Lakini hana pia mazoea ya kubana kwa mapaja, ya kuusoma mchanga kwenye kona, wala ya kuishi bila kuonekana. Na kwa ile inayolala mantiki inaporomoka kabisa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inahesabu magurudumu mawili ya ekseli moja kuwa gurudumu moja ikiwa umbali baina ya yanapogusa ardhi hauzidi milimita 460. MP3 ya kwanza ilikuwa chini ya kipimo hicho, hivyo kisheria ilikuwa pikipiki. Baadaye likaja toleo lililopanuliwa kwa sentimita chache tu, likawa la magurudumu matatu, na katika nchi kama Ufaransa na Italia likafunguka kwa wenye leseni ya gari. Namna ya kulikatisha kona haikubadilika hata kidogo. Linalala, linasukumwa kinyume, linadai kila kitu ambacho pikipiki inadai. Kilichobadilika ni kadi mfukoni mwa dereva. Ufaransa yenyewe ilirudi nyuma kidogo: tangu 2011 mwenye leseni ya gari anayetaka kupanda hutakiwa kupata mafunzo ya saa 7 kwanza.

Saa 7 si nyingi, na wapo watakaosema kila darasa jipya ni gharama mpya kwa mtu aliyetaka tu chombo cha kufika kazini. Nakubali gharama ipo. Ila swali la darasa lingeweza kuwa dogo zaidi kuliko tunavyolifanya kama sheria ingeacha kuhesabu magurudumu na kuuliza chombo kinalala au hakilali. Kinacholala kifundishwe na kutahiniwa kama pikipiki, kwa sababu ndivyo kilivyo. Kisicholala kiwe na somo lake fupi ambalo hata mkongwe wa pikipiki hasamehewi: kugeuza bila kusukuma kinyume, kupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake, kupakia mzigo chini na karibu na jozi, miguu kukaa juu hadi chombo kisimame. Mkongwe ndiye atakayelalamika zaidi kupelekwa darasani, na ndiye ninayemhofia zaidi, kwa kuwa mkono wake una amri ya miaka mingi isiyopitia akilini. Kwa wanaomiliki vyote viwili ningeongeza jambo. Wiki nzima mtu yuko kwenye matatu, anasimama kwenye taa mikono imetulia na miguu iko juu, Jumamosi anaitoa ile ya zamani ya magurudumu mawili, inawaka vizuri, anafika kwenye taa ya kwanza, anasimama, na miguu yote miwili inabaki pale ilipo.